Mtoto akikosea, ni umri au ni uzoefu? Namna ya kupima mwenyewe

Mtoto wa miaka 4 ameona kwa macho yake maji yakimiminwa kutoka glasi pana kwenda glasi nyembamba, kisha anakuambia ile nyembamba ina maji mengi zaidi. Ukimsahihisha ataitikia, na kesho atakujibu vilevile. Mimi ni mwalimu wa chekechea, na kosa la namna hii nalithamini kuliko majibu kumi sahihi, kwa sababu linanionyesha mtoto anafikirije. Ninachotaka kujua ni hiki: kosa linasubiri ubongo upevuke, au linasubiri mikono izoee vitu? Ukichanganya mambo haya mawili, ama utamchosha mtoto kwa mazoezi asiyoyaweza bado, ama utakaa ukisubiri umri ufanye kazi ambayo ni yako.

Jean Piaget, mwanasaikolojia Mswisi aliyezaliwa Neuchâtel mwaka 1896, naye alianzia kwenye makosa. Akiwa kijana mjini Paris alipewa kazi ya kuwauliza watoto maswali ya vipimo vya akili. Waliopata hawakumshughulisha sana. Aliona kwamba watoto wa umri mmoja hukosea kwa namna inayofanana, na kwamba namna hiyo hubadilika kadiri wanavyokua. Majaribio mengi hapa chini ni yake, au ni ya watu waliotaka kumpinga.

Hatua ya 1: Andaa vitu kabla ya maswali

Tafuta vifuniko 12 vya chupa vinavyofanana, glasi mbili za ukubwa mmoja na ya tatu nyembamba yenye kimo, udongo wa kuchezea, vitambaa viwili, mwanasesere mmoja na kadi chache utakazochora mwenyewe. Mtoto awe ameshiba na kupumzika, na pasiwe na watazamaji. Kaka au dada mkubwa ndiye mharibifu namba moja: atamnong'oneza jibu kabla hujamaliza kuuliza. Weka daftari karibu, uandike maneno ya mtoto kama alivyoyasema, bila kuyanyoosha.

Hatua ya 2: Anza na vifuniko

Panga safu mbili za vifuniko 6, kila kifuniko kikielekeana na mwenzake. Uliza: "Safu hizi zina vifuniko sawasawa, au moja ina vingi zaidi?" Usiendelee mpaka akubali kwamba ni sawa. Sasa tawanya safu moja mbele yake iwe ndefu, halafu uliza tena.

Watoto wengi wa miaka 4 wataonyesha safu ndefu. Mwambie ahesabu. Atagusa kimoja kimoja hadi 6, atahamia safu ya pili, 6 tena. Muulize sasa ipi ina vingi, na mara nyingi kidole kitarudi palepale kwenye ile ndefu. "Kwa nini?" "Kwa sababu imefika huku." Kuhesabu anajua, ila namba aliyoitaja bado haina nguvu ya kushindana na urefu anaouona. Hapa ndipo wazazi wengi huzidisha mazoezi ya kuhesabu, nami huwaomba waache, maana tatizo haliko huko.

Usimsahihishe, usikunje uso, usiseme "una uhakika?" Sema asante, upite.

Hatua ya 3: Rudia jaribio bila kumtega

Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayoamua kama matokeo yako yana maana. Fikiria unavyozungumza na mtoto siku nzima. Ukimuuliza jambo, akajibu, kisha ukamuuliza lilelile tena, kwa kawaida unamaanisha jibu la kwanza lilikuwa na kasoro. Na mtu mzima akivipanga vitu upya makusudi, mtoto ana haki ya kudhani kuna jambo la maana limebadilika. Kwa hiyo anayesema safu ndefu ina vingi huenda hajibu kuhusu vifuniko hata kidogo. Anakujibu wewe, anavyokufahamu.

Katikati ya miaka ya 1970, watafiti James McGarrigle na Margaret Donaldson waliwapima watoto wa miaka 4 hadi 6 kwa jaribio hilihili, ila aliyevuruga safu alikuwa dubu mtundu wa kuchezea aliyechomoka kwenye boksi lake. Watoto waliojibu sahihi waliongezeka sana. Mwaka 1974 Susan Rose na Marion Blank nao walionyesha kwamba kuuliza mara moja tu, baada ya vitu kupangwa upya, kunapunguza makosa.

Wewe fanya hivi. Mwanasesere ajifiche chini ya kitambaa, na mtoto aambiwe mapema kuwa huyu ni mtundu, akitoka lazima avuruge. Kubalianeni kwamba safu ni sawa. Mwanasesere atoke, airefushe safu moja, umkemee, umrudishe alikotoka, ndipo uulize. Siku nyingine jaribu toleo la pili: panga safu bila kuuliza chochote, tawanya moja, uliza mara moja.

Akipata hapa na mwanzo alikosa, uelewa anao lakini ni mchanga, unatikiswa na namna ya kuuliza. Akikosa kote, endelea. Bado hujui kama ni umri au uzoefu.

Hatua ya 4: Badilisha vitu uone uzoefu unavyofanya kazi

Gawa udongo uwe mabonge mawili sawa, akiri kwamba ni sawa, kisha bonge moja lifanye refu kama kamba. Lipi lina udongo mwingi? Jaribio la maji nalo linafuata utaratibu uleule.

Utakuta mtoto aliyeshinda kwenye vifuniko anaanguka kwenye udongo. Hilo ni la kawaida. Piaget na mshirika wake Bärbel Inhelder waliona kwamba watoto hutambua kwanza kuwa kiasi cha udongo hakibadiliki, kwenye miaka 7 au 8, kisha uzito kwenye 9 au 10, na nafasi ambayo kitu kinachukua ndani ya maji huja mwisho, kwenye 11 au 12. Kama ubongo tu ndio ungekuwa unaamua, mambo haya yangefunguka pamoja. Na kuna ushahidi mwingine ninaoupenda: utafiti uliochapishwa mwaka 1969 uliwapima watoto wa wafinyanzi nchini Meksiko, na kwenye jaribio la udongo waliwazidi wenzao wa umri uleule ambao familia zao hazikufinyanga. Walikuwa wameshika udongo tangu wadogo.

Basi mtoto akianguka kwenye kitu kimoja na kupata kwenye kingine, dawa ni kile kitu chenyewe. Mpe udongo kwa wiki kadhaa. Afinyange nyoka, alirudishe bonge, akate vipande, aviunganishe. Kurudisha kitu kilivyokuwa ndiko kunakofundisha. Maji vilevile: ayamimine yeye, wewe kaa pembeni. Mtoto anayetazama mwalimu akimimina hapati kitu kile anachopata anayemimina kwa mkono wake, akamwaga nusu mezani.

Hatua ya 5: Jaribio la kadi, ambapo umri unajionyesha

Hapa mazoezi hayasaidii sana. Weka trei mbili: moja ibandikwe picha ya sungura mwekundu, nyingine picha ya mashua ya buluu. Mkononi uwe na kadi za sungura wa buluu na mashua nyekundu. Kwanza mchezo wa rangi: kila kadi iende kwenye trei ya rangi yake. Atafanya vizuri. Sasa tangaza kwamba mchezo umebadilika, tunapanga kwa umbo, sungura kwa sungura na mashua kwa mashua.

Wengi wa miaka 3 wataendelea kupanga kwa rangi. Simama umuulize, "Kwenye mchezo wa umbo, sungura anakwenda wapi?" Atanyoosha kidole mahali sahihi kabisa. Mpe kadi ya sungura, na ataitumbukiza kwenye trei ya rangi. Kanuni mpya anaijua na anaisema, ila mkono haujaachana na ile ya kwanza. Wengi wa miaka 5 hubadilisha bila shida.

Mwenye mtoto mchanga anaweza kuona jambo linalofanana na hilo kati ya miezi 8 na 12. Ficha kitu chini ya kitambaa cha kushoto mara kadhaa, akipate kila mara. Kisha, akiwa anatazama, kifiche chini ya kitambaa cha kulia. Atakitafuta kushoto. Ukimwachia akishike papo hapo anaweza kupata; ukimzuia sekunde chache, anarudia kosa. Yaani ufahamu wake unategemea muda uliopita kati ya kuona na kushika.

Kuzuia tendo ulilolizoea na kushikilia jambo jipya akilini ni kazi ya sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, na sehemu hiyo hukamilika mwisho, mtu akiwa kwenye miaka ya 20. Nyuzi za neva huvikwa polepole tabaka la mafuta liitwalo mayelini ili ujumbe upite haraka, na miunganisho isiyotumika hupunguzwa. Ona hilo la mwisho: kinachotumika hubaki. Ndiyo maana sisemi kosa fulani ni la umri mtupu. Kupevuka kwenyewe kunasikiliza mtoto anafanya nini kutwa.

Hatua ya 6: Amua cha kufanya

Kosa likionekana ni la umri, mpunguzie mzigo. Mkumbushe kanuni kabla ya kila kadi, mpe agizo moja badala ya matatu, fupisha kusubiri. Kumwadhibu mtoto wa miaka 3 kwa "kutosikia" alichokirudia kwa mdomo wake mwenyewe ni dhuluma, na nyumba nyingi hufanya hivyo kila siku bila kujua.

Likiwa la uzoefu, mwache atabiri kwanza. "Unadhani maji yatafika wapi?" Aweke kidole kwenye glasi, amimine, aone. Alichotarajia kikigongana na alichokiona, usikimbilie kueleza. Kimya cha dakika moja hapo kina faida kuliko maelezo yako.

Akiwa katikati, yaani hawezi peke yake ila kidokezo kidogo kinamtosha, basi yuko kwenye eneo ambalo Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Kisovieti aliyefariki mwaka 1934, alisema ndipo ufundishaji unapoleta tija. Toa kidokezo, kisha kipunguze mara inayofuata. Mimi hupenda pia kuwakutanisha wawili wasiokubaliana na kuwaambia watoe jibu moja. Mabishano yao hufika mahali ambapo sauti yangu haifiki.

Umri niliotaja ni wastani tu, na mtoto kuchelewa miezi kadhaa si ugonjwa. Lakini akipoteza uwezo aliokuwa nao, kwa mfano maneno aliyoyatumia yametoweka, hilo si la vifuniko wala kadi. Mpeleke kwa daktari bila kungoja.

Hatua ya 7: Pima tena

Acha ipite miezi miwili hivi, ubadilishe vitu, kwa sababu jibu la vifuniko anaweza kulikumbuka tu. Sikiliza sababu kuliko jibu. Aliyeelewa husema moja kati ya haya: hujaongeza wala hujapunguza; ukiyarudisha yatakuwa kama mwanzo; hii ni ndefu lakini ni nyembamba. Kisha mjaribu: "Kuna mtoto aliniambia glasi hii ina zaidi, unaonaje?" Mwenye uhakika atang'ang'ania, na mwingine atamcheka mwenzake huyo. Akiyumba, andika kwamba yuko njiani, mrudishie udongo na maji, umpime tena baadaye.