Mdagu kwenye chungu: lea mizizi kwanza

Kabla ya kushika kopo la maji, shika shina. Bonyeza kwa kidole gumba pale chini lilipovimba. Likiwa gumu kama kiazi kibichi, mdagu wako umeshiba. Likibonyea kidogo na udongo ni mkavu hadi chini, una kiu, mwagilia. Likibonyea na udongo bado una unyevu, acha maji mara moja, kwa sababu mizizi imeanza kuoza na kila kopo unaloongeza linaupeleka kaburini. Hilo ndilo jambo la kwanza ninalomfundisha mtu anayetaka kulea mmea huu. Wengi niliowaona wakiupoteza walijua mambo mengine yote isipokuwa hilo.

Mdagu, ambao wauzaji wa maua huuita waridi la jangwani na wengine mwanja, ni kichaka cha kwetu. Jina lake la kisayansi ni Adenium obesum. Huota wenyewe kwenye nyika na miamba kuanzia Senegali hadi Somalia, ukashuka Kenya na Tanzania, na ng'ambo ya bahari uko Yemen na Oman. Ndugu zetu walioko Salalah, kule Oman, wanaweza kuuona kwenye milima ya Dhofar. Ukipita Tsavo, Baringo au Samburu wakati wa kiangazi, vichaka vingine vimebaki vijiti, lakini mdagu, hata usipokuwa na jani moja, umejaa maua ya rangi ya waridi yenye koo jeupe. Maji yake umeyaweka kwenye kitako, lile shina nene la chini, na kwenye mizizi.

Bonsai ni ufundi ambao Wajapani waliupokea kutoka China: kupanda mti kwenye chombo kifupi na kuutunza ubaki mdogo lakini uonekane mzee. Miti mingi hudai miaka mingi kabla shina halijanenepa. Mdagu hunenepa ukingali mtoto, ndiyo maana ninaupendekeza kwa anayeanza. Na kwa kuwa jua la kwetu ndilo jua lake, huhitaji nyumba ya kioo wala taa.

Shina la mbegu, si la porini

Barabarani utakutana na watu wanaouza midagu mikubwa iliyong'olewa nyikani. Naomba usinunue. Niliwahi kununua mmoja, kitako kinene kama paja, kwa tamaa ya kuruka miaka ya kusubiri. Mizizi ilikuwa imekatwa kwa panga na kupondwapondwa. Ulitoa majani, ukanipa hata maua machache, kisha mwezi wa nane nikabonyeza shina kidole kikazama. Ndani ulikuwa umeoza zamani. Mti wa ukubwa ule umeishi miaka mingi juu ya mwamba, na baada ya kung'olewa hakuna mwingine unaochukua nafasi yake upesi. Ndani ya hifadhi, kung'oa ni kosa la jinai.

Vipandikizi vya matawi navyo hushika, lakini vingi hubaki na shina jembamba kwa muda mrefu. Kwa bonsai, anza na mbegu. Ukiziagiza kutoka nje, fuata utaratibu wa kibali cha kuingiza mimea: Kenya ni kwa KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, Tanzania ni kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA.

Mbegu ya mdagu ni kama kijiti kidogo cha kahawia chenye manyoya ncha zote mbili. Ondoa manyoya, loweka mbegu saa chache, kisha zilaze juu ya mchanga mkubwa uliochanganywa na mboji kidogo na kuzifunika kwa tabaka jembamba, nusu sentimita tu. Weka pahali penye joto la nyuzi 27 hadi 30 na pasipo jua kali. Mbegu mpya huota ndani ya siku 3 hadi 10. Ukiona kijimche kimetoka ardhini na tumbo lake tayari limevimba kama punje ya mbaazi, hicho ndicho kitako cha kesho. Kizoeshe jua taratibu. Kikifikisha mwezi mmoja na nusu hivi, kihamishie kwenye kikopo chake.

Udongo unaopitisha maji

Usitumie udongo mweusi wa shambani peke yake. Kwenye chungu hushikana kama tope, maji husimama, mizizi hukosa hewa. Mimi huchanganya sehemu 2 za mchanga mkubwa wa mto au kokoto ndogo, sehemu 1 ya mkaa uliopondwa vipande vya ukubwa wa punje za mahindi, na sehemu 1 ya samadi iliyoiva kabisa au mboji. Walio karibu na Naivasha na Longonot wana bahati ya pamisi, lile jiwe jepesi la volkeno, na hilo linashinda mchanga. Maganda ya mpunga yaliyochomwa yakawa meusi nayo yanafaa. Mchanga wa baharini usiuguse, una chumvi.

Jaza chungu, mwaga maji juu. Yakianza kutoka chini ndani ya sekunde chache, mchanganyiko ni mzuri. Yakituama juu, ongeza kokoto. Chungu chenyewe kiwe cha udongo wa kufinyanga, kipana na kifupi, chenye matundu zaidi ya moja, kila tundu likizibwa kwa kipande cha chandarua ili mchanga usitoke. Usikimbilie chungu kikubwa: udongo mwingi usio na mizizi hukaa na maji mengi.

Kuinua mizizi

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Mche ukiachwa ujiendee, mzizi mkuu hushuka wima kama karoti na kunenepea gizani, usionekane na mtu. Sisi tunataka unene huo uje juu, na mizizi itawanyike pande zote kama vidole vilivyong'ang'ania jiwe.

Mche ukifikisha miezi 6 hivi, uache wiki moja bila maji, kisha utoe na kuukung'uta mchanga. Kwa wembe mpya, au kisu kilichofutwa kwa spiriti, kata mzizi mkuu mlalo, chini kidogo ya pale mizizi ya pembeni inapoanzia. Utaona nyama nyeupe na utomvu unachuruzika. Pakaza unga wa salfa, na ukiukosa unga wa mdalasini, kisha ulaze mche kivulini penye hewa siku 5 hadi 7 mpaka kidonda kifanye ngozi kavu. Majani yatalegea, usiwe na wasiwasi, maji ya kuishi umeyabeba mwenyewe.

Wakati wa kuupanda tena, weka sidii ya zamani au kifuniko cha plastiki juu ya udongo katikati ya chungu. Kalisha kitako juu yake, tandaza mizizi kuzunguka kama miale, kisha funika. Mizizi mipya ikikutana na plastiki haiwezi kushuka wima, inakwenda pembeni. Kaa siku 5 nyingine bila kumwagilia. Najua mkono unawasha, lakini kidonda kikilowa mapema, umeupoteza.

Baada ya hapo, kila unapobadilisha udongo, mara moja kwa mwaka au kila miaka 2, panda mmea juu zaidi ya ulivyokuwa, sentimita 2 au 3 tu. Kata nyuzinyuzi za mizizi midogo inayoning'inia chini na uache ile minene inayotawanyika. Mizizi iliyozoea giza ina ngozi laini na jua la saa sita huichoma ikaacha kovu, kwa hiyo ipe kivuli chepesi wiki 2 za mwanzo. Ukifanya hivyo miaka 4 au 5, utakuwa na mti uliosimama juu ya mizizi yake mwenyewe, na mgeni atakuuliza mti huo una miaka mingapi.

Huku pwani kazi hii huifanya kati ya mwisho wa Septemba na mwanzo wa Oktoba, joto linapoanza kupanda. Kukata mizizi mwezi wa Mei, mawingu ya masika yametanda, ni kuualika uozo.

Jua na maji

Mdagu unataka jua la moja kwa moja, saa 6 kwa siku au zaidi. Ukiwekwa sebuleni, matawi hurefuka yakitafuta mwanga, na maua hayaji. Wakati wa joto, ukiwa na majani mengi, mwagilia hadi maji yatoke chini, kisha subiri udongo ukauke. Hiyo inaweza kuwa kila baada ya siku 2 au baada ya siku 6, kulingana na upepo na ukubwa wa chungu. Usifuate kalenda, fuata kidole gumba.

Masika ndiyo msimu ninaouogopa. Mvua ya wiki nzima bila jua huua midagu mingi kuliko ukame wowote, kwa hiyo sogeza vyungu chini ya paa la baraza au uvifunike kwa nailoni angavu iliyoinuliwa hewa ipite. Walio nyanda za juu, Limuru au Njombe, shida yao ni baridi ya Juni hadi Agosti. Mmea utapukutisha majani na kulala. Haujafa. Uweke mahali pakavu penye mwanga, upe maji kidogo sana mara moja kwa mwezi, na joto likishuka chini ya nyuzi 10 usiku, uingize ndani.

Kupogoa ili maua yaje

Ua la mdagu hutoka kwenye ncha ya tawi. Matawi mawili, ncha mbili. Matawi kumi na sita, hesabu mwenyewe. Mwanzoni mwa joto, kata kila tawi ubakize sentimita 5 hadi 8, juu kidogo ya jicho linaloangalia nje, ili chipukizi liende nje na katikati pabaki wazi. Kata kwa mshazari maji yasitue. Baada ya miezi 2 au 3 maua huanza. Matawi usiyakunje kwa waya mgumu kama wafanyavyo kwa misonobari, kwani ngozi ya mdagu ni laini na waya huacha alama. Vuta tawi polepole kwa kamba laini uliyoifunga kwenye ukingo wa chungu, ulegeze kila wiki 2.

Mbolea iwe ya kiasi. Nusu kijiko cha chai cha NPK 17-17-17 ukingoni mwa chungu cha sentimita 25, mara moja kwa mwezi, na wakati mmea unakua tu. Urea ya mahindi iache shambani, itakupa majani makubwa na shina tepetepe.

Anayetaka maua ya rangi nyingine au yenye petali nyingi anaweza kubebesha, yaani kuunganisha, kikonyo (kipande cha ncha ya tawi) cha aina hiyo juu ya shina la mbegu, kwa mkato wa herufi V, na kufunga kwa nailoni. Kitako unabaki nacho, ua linabadilika.

Wadudu na utomvu

Asubuhi moja utakuta majani yote yameisha. Tafuta kiwavi mnene wa kijani, urefu wa kidole, mwenye madoa mawili ya bluu karibu na kichwa yanayofanana na macho. Huyo ni mtoto wa nondo anayependa mdagu na ndugu yake, oleanda. Muokote kwa mkono. Vidung'ata, wale weupe kama pamba kwenye maungio ya matawi, wasugue kwa mswaki na maji ya sabuni. Vidukari vya manjano vioshe hivyohivyo, nyunyizia mwarobaini jioni, urudie baada ya wiki.

Utomvu ni sumu ya kweli, huathiri moyo. Wahadzabe, wawindaji wa kandokando ya Ziwa Eyasi huko Tanzania, hutumia utomvu wa jamii ya mmea huu kwenye mishale. Vaa glavu unapokata, usipanguse macho, nawa kwa sabuni, na weka chungu mahali ambapo mtoto na mbuzi hawafiki. Vipande ulivyopogoa vifukie, usivitupe malishoni.

Mmea ukikomaa na wadudu wakiutembelea, siku moja utaona vitunda viwili virefu vimesimama kama pembe. Huchukua miezi kadhaa kuiva. Rangi ikianza kugeuka kahawia, vizungushie uzi kwa kulegeza au uvivishe kipande cha soksi nyepesi, maana vikipasuka mchana wa upepo mbegu zote zitapaa na manyoya yake. Vikipasuka ndani ya soksi, kata, zianike kivulini siku moja, na uzisie ndani ya wiki chache, zingali mpya.