Somo: namna ya kuwahimiza majirani Weusi wapige kura (Georgia, Marekani)

Kila msimu wa uchaguzi naulizwa lilelile, kwa simu, kanisani, hata msibani: "Tufanyeje ili watu wa mtaa wapige kura?" Naandika mara moja ili nikuelekeze hapa. Naishi kaunti ya DeKalb, mtaa wa Wamarekani Weusi na sisi tuliotoka Kongo, Kenya na Tanzania. Taratibu hizi ni za Georgia. Aliye jimbo jingine aulize ofisi ya uchaguzi ya kaunti yake.

1. Anayepiga kura ni raia mwenye miaka 18. Kujiandikisha anaweza tangu miaka 17 na nusu.

2. Mwisho wa kujiandikisha ni Jumatatu ya tano kabla ya uchaguzi.

3. Wafuate walipo: kwa kinyozi, saluni, kanisani baada ya ibada.

4. Kagua jina la mtu kwenye ukurasa wa mpiga kura wa jimbo mtandaoni, yeye mwenyewe akiwa kando yako. Usiulize tu "umejiandikisha?" ukaenda zako. Nilimuuliza hivyo mzee mmoja aliyezaliwa hapahapa, akasema ndiyo, nikamwamini. Siku ya kura nikampeleka, amevaa shati lililopigwa pasi. Karani akatafuta mara mbili, jina hakuna. Alikuwa amehamia kwa binti yake kaunti nyingine, barua za ofisi zikaenda nyumba ya zamani. Alikifunga kitambulisho chake kwenye leso, hakusema neno njia nzima. Basi kagua mapema, anwani ilingane na anapolala leo. Kagua tena kabla tarehe ya mwisho haijapita, maana ikipita huna la kumsaidia.

5. Pangeni siku: lini, saa ngapi, usafiri gani, watoto wanabaki na nani. Kura za mapema zinamfaa sana mwenye zamu.

6. Vituo hufungwa saa moja jioni. Aliyekwisha kupanga foleni saa hiyo ana haki ya kupiga kura, asiondoke.

MASWALI

Baba Wawili: Shemeji ana makaratasi ya ukaazi tu. Ajaribu bahati?
— Hapana. Soma hatua ya 1. Asiye raia akijiandikisha anavunja sheria na anaweza kurudishwa kwao. Usimponze shemeji yako.

Mama Lishe: Nikiwapelekea maji na mandazi kwenye foleni?
— Moyo mzuri, mama, lakini sheria ya 2021 inakataza kuwagawia wapiga kura chakula au maji ndani ya futi 150 za jengo la kituo. Wape nyumbani kabla hawajatoka.

Kijana wa Goma: Mzee kwa kinyozi kaniambia kura yake haibadilishi kitu. Nimjibuje?
— Asante kwa kuuliza, ndugu. Usimhutubie, sisi tumekuja juzi. Agosti 1962 Fannie Lou Hamer, mama Mweusi mfanyakazi wa shamba, alikwenda na wenzake kujiandikisha Indianola, Mississippi. Wakirudi, dereva akatozwa faini eti basi lao ni la njano mno, na jioni ileile mwenye shamba akamfukuza kazi aliyoifanya miaka 18. Wazee hawa walilelewa na watu wa kizazi hicho. Muulize kinachomkera. Kama ni shule ya mjukuu, mwonyeshe kuwa bodi ya shule huchaguliwa. Kama ni polisi, sherifu (askari mkuu wa kaunti) naye huchaguliwa. Kisha msikilize.

Dada wa Decatur: Mama ni raia lakini hasomi Kiingereza.
— Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya 1965, kifungu cha 208, inamruhusu asiyeweza kusoma kuingia na msaidizi anayemtaka, isipokuwa mwajiri wake, wakala wa mwajiri au kiongozi wa chama chake cha wafanyakazi. Nenda naye wewe.

Dada wa Decatur: Aliapa uraia mwaka huu. Kuna jingine?
— Leseni yake ya udereva kama ilitolewa kabla ya kiapo, huenda kumbukumbu bado zinamwonyesha si raia. Mpeleke ofisi ya leseni na cheti cha uraia, wabadilishe. Siku ya kura abebe cheti hicho kwenye mkoba.