Kitanda cha mtoto ubavuni mwa mama: pima chako kabla ya kununua chake

Kitanda cha ubavuni ni kile kitanda kidogo cha mtoto mchanga kinachofungwa kando ya kitanda cha wazazi, upande anaolala mama, na ubavu wake mmoja huwa mfupi ili mama amfikie mtoto bila ya kuinuka. Mtoto yuko umbali wa mkono, lakini ana godoro lake peke yake. Hakuna mto wa mtu mzima wala bega la baba litakalomlalia. Kwa mzazi aliye ndani ya arobaini, hasa aliyejifungua kwa upasuaji, kumnyonyesha mtoto saa nane za usiku bila ya kushusha miguu chini ni nafuu kubwa. Madaktari wa watoto wa Marekani, katika mwongozo wao wa 2022, wanashauri mtoto alale chumba kimoja na wazazi kwa miezi sita ya mwanzo angalau, ila si juu ya godoro moja nao. Kitanda hiki kinatimiza yote mawili, lakini kwa sharti moja: kilingane na kitanda cha mama. Kisipolingana, ni bora kisiwepo.

Anza na futi kamba

Pima kimo kwanza, kutoka sakafuni hadi juu ya godoro lenu. Mtu akae pale ubavuni ndipo upime, kwa sababu godoro la sponji la inchi nane huzama likikaliwa, na sentimita chache za kuzama zinatosha kuharibu hesabu yote. Vitanda vingi vya ubavuni vinavyoletwa kutoka nje vinapandishwa na kushushwa ili viendane na vitanda vya kisasa, ambavyo juu ya godoro huwa kiasi cha sm 45 hadi 60. Samadari ya wazee huwa juu zaidi ya hapo, na ukiiongezea godoro nene ndiyo kabisa. Usikubali kuambiwa "tutaweka matofali chini ya miguu". Kitanda cha mtoto kikiinuliwa juu ya matofali kinasukumwa na goti tu, kinaanguka.

Pili, tizama ubao wa ubavu. Vitanda vya mafundi wetu vingi vina ubao mpana pembeni na godoro linakaa ndani yake. Pima kutoka ukingo wa godoro hadi uso wa nje wa ubao. Kama ni sm 4, basi kitanda cha mtoto kitagota kwenye ubao na zile sm 4 zitabaki wazi kati ya mama na mtoto. Na kama ubao umepanda juu kuliko godoro, kitanda cha ubavuni hakitakaa sawa hata ufanyeje. Nunua kitanda cha mtoto kinachojitegemea, kiweke karibu, na usiteremshe ubavu wake.

Tatu, nafasi ya mama kushuka. Kitanda cha ubavuni kina urefu wa sm 85 hadi 95. Usikisogeze mpaka kwenye kichwa cha kitanda. Kiache nyuma kiasi cha sm 30, mtoto awe usawa wa kifua cha mama. Pale juu ndipo mito inapodondokea. Kitanda cha futi sita kina sm 183, kwa hiyo upande wa miguuni zinabaki kama sm 60 za kuteremshia miguu, na mwenye mshono anazihitaji.

Wanaolala kwenye godoro lililowekwa chini, kitanda cha aina hii hakiwafai.

Ufa ndio hatari yenyewe

Mtoto mchanga hujisukuma kwa visigino. Akifika kwenye ufa, kiwiliwili kinapita kwa sababu ni chembamba, kichwa kinabaki juu, na shingo haina nguvu ya kukibeba. Au uso unaelekea kwenye ubavu wa godoro la mama na pua inazibwa. Halii, kwa sababu hewa haipiti. Kwa hiyo baina ya kitanda cha mtoto na godoro la mama pasibaki nafasi; kidole chako kikipita, kazi haijesha.

Dawa yake ni kulivuta godoro la mama lije upande wa mtoto mpaka liguse, kisha upande wa pili, wa ukutani, ujaze pengo kwa kipande cha sponji ngumu kilichokatwa kwa kipimo, kikaze. Usijaze ufa wa upande wa mtoto kwa taulo wala kanga iliyokunjwa. Usiku inazama, inafunguka, na sasa mtoto ana ufa pamoja na kitambaa cha kumfunika uso.

Mikanda ya kufungia hupita chini ya godoro la mama na kushika ubao wa upande wa pili, si godoro lenyewe. Ukishaikaza, shika kitanda cha mtoto kwa mikono miwili ukivute kwa nguvu. Halafu mama apande, ageuke mara mbili tatu, ashuke, ukague tena. Kila anaposhuka godoro husogea kidogo, ndiyo maana ukaguzi huu ni wa kila usiku kabla ya kulala.

Ubavu mfupi nao una kipimo chake. Zamani vilikuwepo vitanda vilivyo wazi kabisa upande wa mama. Kiwango cha Ulaya, EN 1130 cha 2019, kinataka kibaki kizuizi cha angalau sm 12 juu ya godoro la mtoto. Ukingo wa juu wa kizuizi hicho ndio unaolingana na godoro la mama. Mtoto anakuwa chini kidogo, hawezi kubingirika kwako wala wewe kwake.

Dukani na kwenye mitumba

Bidhaa za mitumba kutoka nje zinakuja nyingi, na vitanda vya watoto vimo. Vingine ni vizima, lakini vinakuja bila ya mikanda au skrubu zimepotea, na hizo mbili haziazimwi kutoka kitanda kingine. Kama mikanda yake ya asili haipo, usikinunue kwa matumizi ya ubavuni. Tafuta kibandiko kilichoandikwa EN 1130 (2019 au baadaye) au ASTM F2906, ambacho ni kiwango cha Marekani cha vitanda vya aina hii. Jihadhari na vile vitanda vikubwa vya watoto ambavyo ubavu wake unateleza juu na chini kwenye reli: Marekani ilipiga marufuku kuviuza tangu 2011, kwa kuwa reli ikilegea ubavu unachomoka kona moja na mtoto ananasa. Viko bado mitumbani.

Kishindilie kwa mikono, kitikise. Kisikike kimya. Pembeni kiwe na wavu unaopitisha hewa. Ukiuweka mdomoni upumue bila ya shida. Kama ni cha fito, nafasi kati ya fito na fito iwe sm 4.5 hadi 6, isizidi. Miguu ya chuma tizama kwenye viungo na matundu ya skrubu, hapo ndipo kutu ya pwani inapoanzia, si kwenye bomba linalong'aa. Mbao za unga ulioshindiliwa ziache. Masika moja zinavimba na skrubu inatoka yenyewe. Sakafu za nyumba kongwe za Mji Mkongwe mara nyingi si sawa, kwa hiyo magurudumu yawe na breki, au bora yasiwepo.

Ukimpa fundi

Hii mara nyingi ndiyo njia nzuri kwa Unguja na Pemba, hasa kwa wenye kitanda kirefu, maana fundi anafuata kimo chako. Mpe hesabu, usimpe picha ya simu peke yake. Chukua mfano: godoro lako likikaliwa liko sm 66. Ukingo wa ubavu mfupi uwe sm 66. Toa 12, juu ya godoro la mtoto ni sm 54. Godoro ni la sm 5, basi chaga zikae sm 49 kutoka sakafuni. Mbavu tatu nyingine zipande sm 30 juu ya godoro la mtoto, yaani sm 84. Ndani iwe sm 85 kwa 50. Chaga ziachane sm 2 hadi 3 ili sponji isizame baina yake na jasho lipate pa kutokea chini.

Mbao iwe kavu. Mbao mbichi ikikauka hujikunja, na ule ubavu ulioletwa sawa Rajabu unaacha ufa Shaabani. Mfenesi au mkangazi zinafaa. Aunge kwa ulimi na gundi, akaze kwa skrubu zisizoshika kutu, si misumari; misumari hulegea kwa kutikiswa. Miguu ya chini itanuliwe kidogo kwa nje. Apige msasa hadi ndani ya pembe, na nguzo za kona zisiwe na vichwa vya nakshi vya kunasa nguo. Rangi au vanishi iwe ya maji isiyo na risasi, na kitanda kikae nje kivulini mpaka harufu iishe kabisa. Agiza mapema, mwezi wa saba wa mimba si mapema sana.

Fundi akuwekee pia vipande viwili vya mkanda imara vyenye bizimu za kukazia, vifungwe kwenye fremu, si kwenye fito.

Godoro

Sponji ngumu, bapa, nene sm 4 hadi 6. Lisukume kwa ngumi na uondoe mkono: lirudi papo hapo bila ya kuacha alama. Godoro la usufi, pamoja na ubaridi wake, halimfai mtoto mchanga, kwa sababu usufi hujikusanya na kuacha bonde, na uso unaingia bondeni. Kati ya godoro na ukingo wa kitanda visipite vidole viwili.

Ile nailoni lililokuja nayo itoe siku hiyo hiyo. Wengi huiacha ili godoro lisichafuke. Kwa mtoto ni joto, na ikichanika inamganda usoni. Mpira wa kuzuia mkojo uwe mwembamba, uvutwe, na shuka yenye lastiki juu yake. Kwenye masika lisimamishe godoro dirishani kila asubuhi, ukague upande wa chini. Ukungu huanzia huko.

Chandarua

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Kitanda cha futi sita na cha mtoto chenye upana wa sm 55 kwa nje pamoja ni kama sm 240, futi nane. Chandarua cha sita kwa sita hakifiki. Ukiweka viwili, kila kitanda na chake, mama anapaswa kufunua viwili kila mtoto anapolia, na baada ya siku chache kimoja kinaachwa wazi. Ukikichomeka chandarua cha mama baina ya magodoro mawili, umetengeneza ufa.

Mpelekee fundi cherehani vyandarua viwili vya mraba, aunganishe kiwe kimoja chenye upana wa sm 280. Kining'inizwe kwa kona nne, kamba zote zikiwa nje. Upande wa mtoto kishuke nje ya kitanda chake na kifungwe kwa lastiki kuzunguka fremu, chini ya godoro, kikiwa kimevutika. Kisilegee mahali ambapo mkono wa mtoto unafika. Feni ipige chumba, isimpige mtoto usoni.

Visivyolala na mtoto

Kimto hakihitajiki, hata kile cha kutengenezea kichwa. Blanketi, mito ya pembeni na midoli vitoke. Kwa joto la kaskazi nguo moja nyepesi inatosha. Hirizi yenye kamba ivuliwe shingoni wakati wa kulala na ifungwe kwenye kitanda cha mama, mbali na mkono wa mtoto. Chetezo cha udi kisiwekwe chini ya kitanda cha mtoto; fukiza nguo chumba kingine, moshi utoke, ndipo uziingize.

Alazwe chali. Hofu ya kupaliwa na maziwa ni ya kweli kwa akina mama, lakini mtoto aliyelala chali njia yake ya hewa iko juu ya njia ya chakula, na maziwa yakirudi hayaingii kwa urahisi kwenye hewa. Akilala kifudifudi mpangilio unageuka. Kwa sababu hiyo hiyo ya pumzi, susu, kile kitanda cha kuning'inia, si pa kulala usiku: mgongo unapinda, kidevu kinagusa kifua, koo linabana. Mtoto akisinzia kwenye susu, muhamishe.

Kitanda cha ubavuni hutumika mpaka mtoto aanze kujiinua kwa mikono na magoti, au afike uzito ulioandikwa na mtengenezaji, ambao kwa vingi ni kilo 9. Lolote litakalotangulia, siku hiyo hiyo ahame. Wengine hufika hapo wakiwa na miezi mitano. Ukikifungua kukihifadhi kwa mtoto ajaye, skrubu na mikanda vitie kwenye mfuko mmoja na uufunge kwenye fremu yenyewe, na karatasi ya vipimo iwe humo.