MCAT bila masomo ya sayansi ya chuo: uanzie wapi ukiwa Marekani

MCAT, mtihani wa kuombea nafasi katika vyuo vya udaktari, hauhitaji cheti cha somo lolote. AAMC, jumuiya ya vyuo vya udaktari inayouendesha, haikuulizi kama ulisoma kemia chuoni au hukusoma. Unajisajili, unalipa, unafanya. Nalisema hili mapema kwa sababu wengi wetu, hasa wenye digrii za biashara au wanaokesha kazini wakitunza wazee, hukata tamaa kabla ya kufungua kitabu.

Ila usichanganye mtihani na maombi ya chuo. Vyuo vingi bado vinadai baiolojia, kemia, kemia kaboni na fizikia, pamoja na maabara zake, na vingi vinataka uwe umeyasoma Marekani au Kanada. Alama za Dodoma au Eldoret, hata zikiwa nzuri namna gani, mara nyingi hazitoshi peke yake. Komyuniti koleji, yaani vyuo vya umma vya miaka miwili, ni njia ya bei nafuu, lakini si kila chuo cha udaktari kinayapokea masomo yake kwa moyo mmoja. Kiulize kila chuo unachokitaka kabla hujalipa ada.

Sasa mtihani wenyewe. Una maswali 230 katika sehemu nne, na ukijumlisha mapumziko unakaa takribani saa saba na nusu. Kila sehemu hupewa alama 118 hadi 132, hivyo jumla ni kati ya 472 na 528.

Kama ulipita PCB (fizikia, kemia na baiolojia) kidato cha sita, unajua zaidi ya unavyodhani. Fizikia inayoulizwa haina kalkulasi. Msawazo wa kemikali, sheria za gesi, lenzi, umeme: hayo uliyasotea shuleni, yanahitaji kuamshwa tu. Usichokuwa nacho, kwa uwezekano mkubwa, ni bayokemia, nayo hubeba karibu robo ya maswali katika sehemu mbili kati ya nne. Anza na zile amino asidi 20: jina, umbo, chaji, kifupi cha herufi tatu na cha herufi moja. Zikae kichwani mpaka uzitaje ukiwa kwenye basi. Kisha vimeng'enya, kisha njia za mwili kuvunja sukari. Kemia kaboni ni takribani asilimia 15 ya sehemu ya kwanza, ile ya kemia na fizikia, na 5 ya sehemu ya baiolojia. Usiipe miezi yako yote huku vimeng'enya vinasubiri.

Uliyesoma HGL au HKL, yaani masomo ya sanaa, jipe mwaka mzima ikiwa unafanya kazi. Maliza kwanza kemia ya msingi na baiolojia ya seli. Ukirukia bayokemia bila kuelewa asidi, besi na bondi, utakariri usichokielewa, na MCAT haiulizi ulichokariri tu: inakupa maelezo ya jaribio la maabara, inataka uyatumie.

Faida yako iko kwingine. Sehemu ya nne ni saikolojia kwa asilimia 65 na sosholojia 30, na watu wetu wa sayansi huidharau. Hapa istilahi ndizo zinazoleta alama, kwa hiyo jibu kwa fasili ya kitabuni, si kwa jinsi tunavyoishi nyumbani.

CARS, sehemu ya ufahamu, ndiyo inayotuumiza zaidi. Ni vifungu 9 na maswali 53 kwa dakika 90, kuhusu falsafa, sanaa, historia na jamii. Haihitaji ujuzi wa nje hata kidogo, na haipandi kwa kukesha wiki moja. Kila siku soma makala ngumu ya Kiingereza, uifunike, kisha useme kwa Kiswahili, kwa sentensi moja, mwandishi anadai nini. Ukishindwa, hukuielewa, rudia.

Kikokotoo hakiruhusiwi. Zoea kukadiria, hasa logi za pH. Jedwali la elementi utapewa.

Kuhusu pesa: ada ya kawaida inazidi dola 300, lakini AAMC ina mpango wa msaada wa ada kwa wenye kipato kidogo. Raia na wenye grini kadi wanaruhusiwa kuomba, na vilevile waliopewa hifadhi ya ukimbizi, jambo ambalo ndugu zetu wengi wa Kongo na Burundi hawajaambiwa. Omba kabla ya kujisajili, kwani ukishalipa hurudishiwi. Video za Khan Academy zilizoandaliwa pamoja na AAMC ni za bure. Majaribio rasmi ya AAMC yatunze kwa wiki za mwisho, uyafanye kwa muda kamili, asubuhi, simu ikiwa mbali.

Usiende "kujaribu tu." Unaruhusiwa mara 3 kwa mwaka, mara 4 kwa miaka miwili mfululizo, na mara 7 maishani. Ukijisajili usitokee, imehesabiwa. Ukifuta alama zako siku ile ile, nayo imehesabiwa. Kama majaribio yako ya mwisho hayajafika alama unayoitaka, sogeza tarehe mapema, kwa kuwa kadiri siku inavyokaribia ndivyo gharama ya kuisogeza inavyopanda.