Umepewa Holter uvae saa 24? Fanya hivi

Kazi yangu ni kuwafunga wagonjwa Holter, yaani kifaa cha kurekodi mapigo ya moyo, kesho yake kukifungua, kisha kumwandalia daktari rekodi. Wiki iliyopita nilimfunga shangazi yangu, na maswali aliyonipigia simu usiku ule ndiyo yamenifanya niandike haya.

ECG ya kitandani, kipimo cha umeme wa moyo unachofanyiwa umelala, hurekodi sekunde 10 tu. Moyo unaopiga mara 70 kwa dakika hupiga zaidi ya mara 100,000 kwa siku, kwa hiyo hitilafu inayokuja mara moja usiku wa manane sekunde 10 haziinasi. Holter inakaa nawe siku nzima. Haikupigi shoti wala haikutibu, inarekodi tu. Na kwa kawaida haimpi mtu yeyote taarifa: ukizimia, au kifua kikibana sana, usisubiri siku ya kuirudisha, nenda hospitali saa hiyohiyo.

1. Kabla ya kufungwa. Oga kwa sabuni, kwa sababu mara nyingi hutaoga tena mpaka ufunguliwe. Usipake mafuta wala poda kifuani. Vaa shati au blauzi ya vifungo.

2. Kufungwa. Dakika chache tu. Mwanamume mwenye nywele kifuani atanyolewa pale vinapokaa vibandiko vinavyoshika nyaya za kifaa.

3. Jasho. Hapa Dar ndilo adui mkubwa. Kibandiko kikiachia, rekodi inajaa mikwaruzo. Omba plasta ya kitambaa uende nayo nyumbani. Ile ya nailoni inayong'aa siipendi, ikilowa tu inateleza. Kibandiko kikianza kunyanyuka pembeni, futa jasho kwa kitambaa kikavu, kibonyeze, kisha pitisha plasta juu yake. Kikitoka kabisa, kirudishe palepale penye alama, usibahatishe rangi za nyaya, na piga simu kwa aliyekufunga.

4. Kidaftari. Hapa ndipo watu wengi wanapoharibikiwa, nami pamewahi kunila jioni nzima.

Kila unapohisi kitu (moyo kwenda mbio, kuruka pigo, kizunguzungu, pumzi kukata) bonyeza kitufe kama kipo, kisha andika mambo matatu: saa, ulichohisi, ulichokuwa ukifanya. Daktari atalinganisha maandishi yako na mapigo ya dakika ileile. Hata mapigo yakiwa ya kawaida wakati unahisi moyo unakimbia, hilo nalo ni jibu, kwa hiyo usiache kuandika kwa kudhani ni kitu kidogo.

Sasa, hiyo saa. Mama mmoja aliniletea daftari limeandikwa: "Saa 8, moyo ulikimbia sana." Nikatazama 08:00 kwenye rekodi, kimya. Nikatazama 14:00, kimya. Nikaanza kupekua rekodi nzima dakika kwa dakika. Mwishowe nikampigia. "Saa nane ya usiku, mwanangu. Niliamka kunywa maji." Nikaenda saa 02:00, na dakika chache mbele yake mapigo yale yalikuwepo, yamefuatana mbio mbio, kisha yakatulia ghafla.

Kifaa kinahesabu kuanzia saa sita usiku, sisi tunahesabu kuanzia jua kuchwa na kuchomoza. Kama kina kioo, nakili saa kama inavyoonekana pale: 02:14. Kama hakina, andika kwa Kiswahili lakini malizia: alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, usiku. Siku nayo ina mtego wake. Ukiandika "usiku wa Ijumaa", wapo watakaoelewa ni usiku wa kuamkia Ijumaa na wapo watakaoelewa ni Ijumaa yenyewe baada ya magharibi. Andika tarehe.

Andika kwa kalamu, kwenye daftari dogo lililofungwa uzi shingoni au likiwa mfukoni. Sipendi watu waandike kwenye simu. Simu tunataka ikae mbali na kifaa, na ukishaifungua unaingia kwenye meseji, mpaka unakumbuka daftari dakika 20 zimepita. Asiyejua kuandika amwambie mjukuu palepale, siyo jioni.

Andika pia saa uliyokunywa dawa, uliyolala na uliyoamka. Dawa endelea nazo kama kawaida, isipokuwa daktari amesema vinginevyo.

5. Ishi siku yako. Usijilaze kwa kuogopa nyaya. Kama moyo hukusumbua ukipanda ngazi au ukibeba ndoo, panda na ubebe kama ulivyozoea, tunataka kuuona hapo. Holter ya kwanza ya Norman Holter, Mmarekani, ilibebwa mgongoni ikiwa na uzito wa zaidi ya kilo 35. Yako inaning'inia kiunoni.

6. Kurudisha. Rudi saa uliyopangiwa, na daftari mkononi. Gundi ikibaki kifuani, sasa mafuta ya nazi ruksa: paka, acha dakika chache, futa taratibu bila kukwangua.