Somo: Kuilinda ardhi ya kijiji kabla mwekezaji hajapiga hodi

Kila juma napokea swali lile lile: mwekezaji amefika kijijini, anataka ardhi, tufanye nini? Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, kwa hiyo naandika mara moja, kwa ajili ya Tanzania Bara na kwa kufuata Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Mimi si mwanasheria. Nilikuwa mtendaji wa kijiji.

Hatua ya 1. Hakikisheni kijiji kina cheti cha ardhi ya kijiji, na kwamba mnajua kiko kwenye kabati la nani.

Hatua ya 2. Tembeeni mipaka pamoja na viongozi na wazee wa vijiji jirani, wafugaji wakiwemo, kisha mkubaliane kwa maandishi siku hiyo hiyo.

Hatua ya 3. Andaeni mpango wa matumizi ya ardhi, na Mkutano Mkuu wa Kijiji uupitishe. Eneo lolote lisiandikwe kuwa "tupu". Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, katika tafsiri yake ya ardhi ya jumla (ile isiyo ya kijiji wala ya hifadhi, na ambayo haiko tena mikononi mwa kijiji), inaingiza pia ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika, ilhali Sheria ya Ardhi ya Vijiji, iliyotungwa mwaka ule ule, haina maneno hayo, na katika pengo hilo ndimo hoja nyingi za kuchukua ardhi hupita. Kwa hiyo malisho ya kiangazi yaandikwe malisho, shamba linalopumzishwa liandikwe hivyo, na msitu mnaookota kuni na uyoga utajwe kwa kazi yake.

Hatua ya 4. Muhtasari wa mkutano. Hapa ndipo nilipoharibu, na ndiyo sababu hasa ya somo hili. Mkutano Mkuu ulijadili ombi la mtu aliyetaka kulima alizeti. Wananchi walisema wazi kwamba watampa ekari 300, upande wa magharibi wa korongo, na kwamba njia ya ng'ombe kwenda kisimani isiguswe. Jua lilikuwa kali na watu walitaka kuondoka, nami nikaandika sentensi moja: "Wananchi wameridhia ombi la mwekezaji." Barua yake ya maombi ilitaja ekari 1,200. Tulikaa miaka mitatu tukieleza kwamba tulichoridhia sicho alichopima, na kila ofisi tuliyoingia ilitusomea ile sentensi. Hakuna aliyeghushi kitu. Mwandiko ulikuwa wangu na saini ilikuwa yangu.

Basi andikeni ukubwa wa eneo kwa tarakimu na kwa maneno, mipaka yake, muda, masharti, waliokubali na waliokataa. Muhtasari usomwe kwa sauti kabla watu hawajatawanyika. Nafasi zilizobaki wazi zipigwe mstari. Tena, kila ukurasa wa mahudhurio uwe na tarehe na ajenda juu yake, kwa sababu orodha ya majina iliyosainiwa kwa ajili ya posho, ikiwa haina kichwa, inaweza kubanwa pini nyuma ya muhtasari wowote duniani.

Hatua ya 5. Baada ya mpango kupita, ombeni hati za hakimiliki ya kimila, yaani za kumiliki ardhi ya kijiji kwa kufuata mila. Ardhi ya pamoja nayo hupata hati: Wahadzabe wa bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, walipewa yao mwaka 2011.

Hatua ya 6. Mgogoro ukizuka, anzeni na Baraza la Ardhi la Kijiji. Lina wajumbe saba, wanawake wasiopungua watatu, na kazi yake ni kusuluhisha, si kuhukumu.

MASWALI

Mwanachama wa Kilosa: Mkuu, ni ndefu. Kwa kifupi tuanze na nini?

Jibu: Hatua ya 1. Ina mstari mmoja.

Mwanachama wa Handeni: Mwenyekiti wetu anasema chini ya hekta 250 anaweza kutoa mwenyewe. Wewe unawatia watu hofu bure.

Jibu: Sijamtia mtu hofu, nimeeleza kosa langu mwenyewe. Hizo hekta 250 zinahusu kuihamisha ardhi ya kijiji kwenda ardhi ya jumla: eneo lisilozidi hapo, anayekubali au kukataa ni Mkutano Mkuu, na likizidi, uamuzi ni wa Waziri baada ya kuzingatia mapendekezo ya mkutano huo. Mwenyekiti hapewi mamlaka hayo popote. Hata Halmashauri ya Kijiji haigawi ardhi kabla ya idhini ya Mkutano Mkuu. Kisome kifungu cha 8 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji.

Mwanachama wa Singida: Shikamoo mzee. Mume wangu amefariki na shemeji zangu wanasema mila hairuhusu mjane kupewa hati. Je, ni kweli?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na pole kwa msiba. Si kweli. Kifungu cha 20 kinaibatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki, kutumia au kupata ardhi. Omba Halmashauri ya Kijiji kwa jina lako, kwa maandishi, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kuipokea. Wakikukatalia, wakukatalie kwa maandishi pia. Nenda na mjumbe mwanamke wa halmashauri. Halmashauri hubadili sauti inapoona shahidi.

Mwanachama wa Kisarawe: Kampuni inataka kufunga umeme wa jua. Umeme ni jambo jema. Kwa nini tusiwape ardhi moja kwa moja?

Jibu: Swali zuri, na wilaya yako inalijua jibu. Mwishoni mwa miaka ya 2000, vijiji 11 vya Kisarawe viliachia zaidi ya hekta 8,000 kwa ajili ya mibono ya kutengeneza mafuta. Mradi ulisimama mwaka 2011, lakini ardhi ikishakuwa ya jumla hairudi kijijini kwa sababu tu mitambo imenyamaza. Ulizeni kwanza kama mnaweza kubaki na ardhi na kuingia ubia, na kama nyumba zenu zitapata umeme huo au nyaya zitapita tu juu ya vichwa vyenu.

Mwanachama wa Marsabit: Huku Kenya je?

Jibu: Sheria yenu ni ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016, na mkataba wa uwekezaji unahitaji kukubaliwa na theluthi mbili ya watu wazima wa jamii. Mwaka 2021 mahakama ya Meru iliamua kwamba hati za ardhi ya mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, ekari 150,000 hivi, hazikupatikana kwa utaratibu, ingawa mabishano yaliendelea baadaye. Iandikisheni jamii yenu na ardhi yake mapema.

Mwanachama wa Kilosa: Hekta moja ni ekari ngapi?

Jibu: Mbili na nusu kasoro kidogo. Hekta 250 ni kama ekari 618.

Mwanachama wa Kiteto: Mihtasari yetu ya zamani imeliwa na mchwa. Mnahifadhije?

Jibu: Sanduku la bati, juu ya matofali, mbali na ukuta. Nakala ya pili kwa mwalimu mkuu.

Mwanachama wa Handeni: Nimekisoma kifungu cha 8. Mkutano Mkuu wetu umeitishwa Jumamosi.

Jibu: Nenda na kalamu mbili.