Damu ya vipimo vya kingamwili za neva: kuanzia mkono wa mgonjwa hadi basi la Kampala

Juzi dada mmoja wa maabara huku West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, alinipigia simu. Mgonjwa wao amepofuka jicho moja, sasa miguu imekufa ganzi, daktari ameandika "kingamwili za neva" (kingamwili zinazoshambulia neva za mgonjwa mwenyewe), na dada huyo ameshika tyubu hajui aanzie wapi. Tulimaliza kwa simu, lakini maswali yake huulizwa na wengi, basi nayaweka hapa.

Hatua ya 1: Jua unatafuta nini

Usiombe paneli nzima, yaani vipimo vyote kwa mkupuo. Jicho pamoja na uti wa mgongo: omba kingamwili za akwaporini-4 na MOG (protini mbili za mfumo wa neva), zote mbili kwenye seramu, yale maji ya damu yanayobaki damu ikishaganda. Kope zinazolegea ikifika jioni: omba kingamwili za kipokezi cha asetilikolini. Hizo huonekana kwa takriban asilimia 85 ya wenye miasthenia (ugonjwa wa misuli kulegea) ya mwili mzima, ila ugonjwa ukiishia machoni ni kama nusu yao tu. Ukishuku kingamwili za NMDA (kipokezi cha ubongo), damu peke yake haitoshi, toeni na maji ya uti wa mgongo.

Ukiweza kuchagua maabara, chagua inayotumia kipimo cha seli, ambacho hutafuta kingamwili kwenye seli zinazobeba protini inayolengwa. ELISA (kipimo cha kwenye sahani, bila seli) ya MOG siitaki hata ya bure. ELISA ya akwaporini-4 ikija na chanya hafifu, irudiwe kwa seli kabla mtu hajaanzishiwa dawa za miaka.

Hatua ya 2: Uliza dawa

Damu itoke kabla ya kusafisha plazma na kabla ya IVIG (kingamwili za wachangia damu zinazotiwa mshipani). Kusafisha plazma huondoa kingamwili unazozitafuta. IVIG humwagia mgonjwa za watu wengine, hata kingamwili ya homa ya ini B inaweza kuonekana kwa mtu asiyewahi kuugua. Kama steroidi imeshaanza, toa damu hivyo hivyo, ila andika tarehe ya dozi ya kwanza kwenye fomu.

Hatua ya 3: Toa damu

Tyubu ya kifuniko chekundu, mililita 5.

Hatua ya 4: Pata seramu safi

Hapa ndipo sampuli nyingi hufia, kwa hiyo mnivumilie.

Tyubu isimame wima, kwenye joto la chumba, dakika 30 hadi 60. Isiwekwe kwenye barafu. Mgonjwa aliye kwenye heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda), damu yake huchelewa kuganda. Ukiizungusha mapema utapata ute wa nyuzi juu ya seramu, na pipeti itaziba.

Kisha sentrifuji. Maelekezo husema 1500 g (mara 1500 ya nguvu ya uvutano, si gramu), mashine yetu huonyesha mizunguko kwa dakika, na watu huweka 3000 kwa mazoea. Chukua rula, pima sentimita kutoka katikati ya mashine hadi kitako cha tyubu ikiwa imelala. Zidisha 0.00001118 kwa sentimita hizo, kisha kwa mizunguko mara mizunguko. Kwa sentimita 15 na mizunguko 3000 unapata kama 1500 g. Kwa zile mashine ndogo za sentimita 10, mizunguko ile ile inakupa 1000 tu. Andika jibu kwenye plasta, ubandike kwenye mashine. Dakika 10 zinatosha.

Tazama rangi kwenye mwanga wa dirisha. Seramu nzuri ni ya manjano mepesi. Ikiwa ya waridi, chembe nyekundu zimepasuka: sindano nyembamba mno, bomba limevutwa kwa nguvu, au damu nzima imepanda boda kwenye vumbi na mashimo. Toa nyingine. Ikiwa nyeupe kama maziwa, muulize alikula nini. Rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) ya mafuta mengi huonekana humo. Mrudishe asubuhi kabla hajala.

Gawa katika vichupa vya nusu mililita na usiguse tabaka la chembe. Vichupa vingi vidogo ni bora kuliko kimoja kikubwa, maana kuyeyusha na kugandisha tena ndiko kunakoharibu. Friza ya nyumbani inayojiyeyushia barafu yenyewe haifai, na umeme wetu mnaujua. Kama basi linaondoka leo usiku, mimi sigandishi kabisa: kingamwili huvumilia siku kadhaa kwenye nyuzi 2 hadi 8. IL-6 na wenzake (protini zinazopeleka ishara za kinga ya mwili) ni habari nyingine. Hizo zataka kutenganishwa haraka na kuwekwa kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri.

Hatua ya 5: Safirisha

Vifungashio vitatu, alama ya UN3373 (ya sampuli za kibayolojia za uchunguzi), fomu nje ya mfuko wa sampuli. Ukitumia barafu kavu boksi lisizibwe kabisa, gesi italipasua. Saa ziandikwe kwa mtindo wa saa 24.

Hatua ya 6: Jibu likirudi

NfL (protini inayovuja neva zikiumia) ikipanda inakuambia neva zimeumia, haikuambii nani kaziumiza. Umri, figo mbovu na VVU navyo huipandisha. Na akwaporini-4 ikirudi hasi huku jicho na uti wa mgongo vinasema vingine, weka kichupa kimoja akiba, kisha toa damu upya shambulio linalofuata likianza, kabla ya steroidi.